Zumari ya Kiwiko na Ndoo ya Bati

Ndoo ya bati ikigeuzwa kichwa chini ni kiti kibaya. Inakukata mapajani, inakugandisha makalio, na ukijisogeza kidogo kutafuta nafuu inalia kama bata aliyekanyagwa. Jioni ile ya Machi nilikuwa nimeikalia nyuma ya lundo la mboji ya kuchoma, ile inayokatwa kinamasini na kukaushwa iwe kuni, la jirani yetu, Bartley Durkan, mvua ikinichuruzika ndani ya kola, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu nimejikunyata kama mwizi wa kuku. Upande wa pili wa lundo, nusu ya juu ya mlango wa jikoni kwake ilikuwa wazi. Mwanga wa taa ulimwagika uani, na pamoja nao ukamwagika muziki.

Alikuwa akipiga “Mjane Kwenye Ngazi.” Wimbo huo una mizunguko mitatu, na hakuna aliyezaliwa katika parokia yetu asiyeukuta. Mzunguko wa kwanza unapanda, wa pili unasita na kugeuka, wa tatu unateremka mbio kama mtu aliyekumbuka chungu motoni. Na katikati ya mteremko huo, jioni baada ya jioni, Bartley alikata. Kimya. Kimya cha pumzi moja hivi, roho yako ikibaki inaning'inia, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikingoja kile kimya kuliko nilivyozingoja sauti zenyewe. Kikifika, nilishusha pumzi, nikajiweka sawa kwenye ndoo, nikajiambia: hapo ndipo ilipo sanaa.

Ndoo yenyewe ilikuwa bahati tu. Jioni ya kwanza nilikwenda pale nikasikiliza nimesimama, miguu ikaniuma. Ya pili nikaikuta imegeuzwa, kavu, mahali pale pale. Nilimshukuru Mungu kwa uzembe wa Bartley, mzee wa watu asiyejua kuweka vyombo vyake ndani.

Nilikuwa nimerudi kutoka viwanda vya Coventry, ng'ambo ya bahari, vuli iliyotangulia, na nilirudi pungufu. Mume alinipotea huko. Hakufa, alinipotea kama mwavuli unavyopotea, yaani unajua kabisa uko nyumba gani na nani anautumia. Kazi nayo ilinipotea, kiwanda kilipofunga nusu ya milango yake. Na kabla ya hayo mawili, mashine ya kukata bati ilininyang'anya ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kwa wepesi na adabu kiasi kwamba sikujua mpaka nilipomwona msimamizi anazimia. Ilibidi nimpepee mimi.

Fidla ya marehemu baba ilikuwa bado inaning'inia ukutani jikoni kwetu. Njia nzima, kwenye meli na kwenye basi, nilijipa moyo na fidla ile. Hata kabla ya kuvua koti niliishusha, nikaweka vidole kwenye nyuzi, na kile kisiki changu kikateleza kama kiatu kipya kwenye barafu. Fidla inadai ncha za vidole. Niliirudisha kwenye msumari wake.

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakugeuka.

“Kuna kinanda kanisani,” alisema.

“Kinanda kinataka vidole vingi zaidi, mama.”

“Basi piga ngoma. Ngoma inataka hasira tu, na hizo unazo.”

Zumari niliipata kabla ya Krismasi, kwenye mnada wa nyumba ya mwalimu mmoja aliyefariki. Nilikwenda kutafuta mashine ya kukamulia nguo. Niliipata, na chini yake, ndani ya boksi la mapazia, palikuwa na zumari ya mwanafunzi: mfuko wa ngozi, mvukuto mdogo na bomba moja lenye matundu, bila yale mabomba makubwa yanayovuma nyuma ya wimbo. Mnadishaji aliishika kwa vidole viwili kama paka aliyelowa. “Mchukue na huyu,” alisema. “Lakini angalia, anauma.”

Zumari yetu haipulizwi kwa mdomo. Unafunga mvukuto kiunoni, unaubana kwa kiwiko cha kulia, upepo unaingia kwenye mfuko ulioukumbatia chini ya kwapa la kushoto, na kutoka hapo unakwenda kwenye bomba lililosimama juu ya paja lako. Mdomo unabaki huru. Ni ala pekee ninayoijua ambayo unaweza kuipiga na kumjibu mtu ufidhuli wake kwa wakati mmoja, na sishangai kwamba imedumu Ireland. Lakini kilichonikalisha chini siku ile, palepale kwenye sakafu ya marehemu mwalimu, ni kitu kingine. Matundu ya bomba huzibwa kwa nyama ya katikati ya kidole, vidole vimenyooka kama rula. Ncha hazina kazi. Niliweka mkono wangu wa kushoto juu ya bomba, na kisiki changu kikalikalia tundu lake kama kuku anavyolikalia yai.

Nilishaangusha vitu vya kutosha maishani. Nilitaka kimoja tu kibaki mkononi.

Nikaenda kwa Bartley, maana hakukuwa na mpiga zumari mwingine mpaka ng'ambo ya milima. Alikuwa kapera wa miaka sabini hivi, mrefu, mwenye kiwiko cha kulia kilichotoboa kila koti alilovaa. Alinisikiliza akiwa amesimama nyuma ya nusu mlango wake, mikono juu ya ubao, kama farasi zizini.

“Sifundishi,” alisema.

“Hata kidogo?”

“Kidogo ndiyo mbaya zaidi.” Akaitazama zumari niliyoikumbatia. “Marehemu mwalimu alikuwa akiipiga hiyo?”

“Sijui.”

“Mimi najua. Hakuipiga. Alijaribu. Nenda nyumbani, Attracta, mvua inakuja.”

Ndivyo nilivyojifundisha mwenyewe. Mama alinihamishia kwenye zizi la ng'ombe, na huko nilipambana majira yote ya baridi. Vigumu si vidole. Vidole vinajua njia, kwa kuwa nilikua nikisikia nyimbo hizo kwenye fidla ya baba. Vigumu ni viwiko. Cha kulia kinavuta upepo, cha kushoto kinaukandamiza, na kimoja kikimzidi mwenzake nguvu, sauti inaruka juu na kupiga ukelele kama mtu aliyekalia kiberiti. Nilikuwa na uzoefu wa ndoa ya namna hiyo. Nilijua kwamba hakuna hata kimoja kitakachokubali kosa.

Siku moja ya Februari nilitoka zizini kupumzisha bega, nikamkuta Bartley amesimama upande wake wa ukuta wa mawe.

“Ng'ombe wenu anazaa?” aliuliza.

“Hapana.”

“Basi anakufa.”

“Ni mimi, mzee.”

“Aa.” Akafikiri. “Unakufa?”

Akaenda zake na toroli lake la samadi, na mimi nikarudi ndani nikamwambia ng'ombe maneno ambayo hakustahili.

Ilikuwa baada ya siku hiyo nilipoanza kwenda kukaa nyuma ya lundo la mboji. Bartley alikuwa akipiga kila jioni baada ya kukamua na kusali rozari, na alikuwa akianza na “Mjane.” Nilisikiliza, nikarudi nyumbani nikiunong'ona wimbo kati ya meno usimwagike njiani, na asubuhi nikaujaribu zizini. Nilijua Bartley anayasikia madhambi yangu, lakini madhambi ya zizini hayana pa kujificha, na haya zangu nilishaziacha kwenye bandari ya kuondokea.

Jambo moja lilinisikitisha. Nikishindwa mahali mchana, kwa mfano ile kona ya mzunguko wa pili ambapo kidole gumba kinatakiwa kufungua na cha shahada kufunga, jioni ile ile nilimsikia Bartley akipita kona hiyo hiyo. Polepole. Tena na tena, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nilimwonea huruma.

“Mzee anasahau,” nilimwambia mama. “Leo amerudia mzunguko wa pili mpaka nimechoka mimi. Wimbo aliozaliwa nao.”

Mama alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

“Maskini,” alisema, akaendelea kukoroga uji.

Siku hizo nilidhani anamsema Bartley.

Kisha kikaja kile kiangazi kikavu ambacho hata leo wazee wanakitaja kama vita. Mvua, ambayo haijawahi kutuacha kwa wiki, ilituacha kwa miezi. Visima vilishuka. Nyasi zilibadilika rangi, zikawa kama mkeka. Na mwishoni mwa Julai ng'ombe wa Bartley, aliyechanganyikiwa kwa nzi, alimbana kwenye nguzo ya lango. Bartley alirudi kutoka hospitali na plasta kuanzia begani hadi kwenye vidole. Mkono wa kulia. Kiwiko cha mvukuto.

Jioni ile nilikwenda kwenye ndoo kwa mazoea. Mlango ulikuwa wazi nusu. Taa ilikuwa inawaka. Hapakutoka sauti.

Sasa, katikati ya Agosti ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Tunatembea pamoja mpaka kisimani pake, tunakizunguka na rozari, kisha tunarudi ukumbini, na kabla ya chai na kabla ya keki, watu wanane wanasimama katikati kucheza seti ya kwanza. Hiyo seti ni ya mtakatifu. Inachezwa kwa zumari na kwa “Mjane Kwenye Ngazi,” basi. Mpiga zumari anakalia kiti kisicho na mikono, ili viwiko vipate nafasi, na kiti hicho mwaka mzima kinakaa kwenye chumba cha mavazi ya padre, hakuna anayekikalia. Baada ya seti ya kwanza fidla zinaingia na kila mtu anafanya atakavyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa tumesimama mbele ya kanisa kama kawaida, wanaume ukutani na wanawake kwenye kivuli, Malachy Feeney alipotangaza. Malachy ndiye mwenye baa na mwenyekiti wa kamati, mtu mnene, mwepesi wa miguu, mchezaji mzuri kuliko wote na anayejua hivyo.

“Nimezungumza na ile bendi ya kodiani ya Castlebar,” alisema. “Wana vipaza sauti vyao.”

“Mtakatifu si kiziwi,” alisema Bartley, mkono wake ukiwa kwenye kombeo.

“Mzee wangu, hebu uwe mkweli. Utapiga na plasta?”

“Yupo mpiga zumari.”

“Nani?”

Bartley hakunitazama. “Muulizeni ng'ombe wa kina Gildea. Anamjua.”

Watu waligeuka wote wakanitazama, maana kina Gildea ni sisi. Kicheko kilianza ukutani kikaja mpaka kivulini, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ndani yake.

“Attracta?” alisema Malachy. “Yule tunayemsikia? Mimi nilidhani mnapasua mbao kule.”

“Na mimi nilidhani unachouza ni bia, Malachy,” nilisema. “Kila mtu ana makosa yake.”

Alicheka kuliko wote. Malachy hakuwa mtu mbaya. Lakini kicheko kilipokwisha alinisogelea akasema kwa sauti ya kamati, “Sawa. Upige. Lakini ukikwama katikati, dada, bendi inakuja mwakani, na mwaka wa kufuata. Vijana wanaitaka tangu zamani. Ni Bartley tu aliyekuwa akiwazuia.”

Nilimtazama Bartley. Alikuwa akikitazama kile kiwiko chake cha plasta kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

“Kikitoka mwaka mmoja hakirudi,” alisema. Alikuwa anakisema kiti.

Kwa wimbo mmoja nilikuwa mpiga zumari. Kwa wa pili nilikuwa msumeno. Lakini ule mmoja niliujua. Niliujua mpaka kile kimya cha mzunguko wa tatu, ambacho kilinigharimu kuliko sauti zote: kuuzuia upepo mfukoni ghafla, kulikandamiza bomba pajani lizibe mdomo, kusubiri pumzi moja, kisha kuachia bila ukelele. Baba hakuwa akikata pale kwenye fidla. Nilijiambia fidla ni fidla.

Basi siku tatu kabla ya sikukuu zumari ikanyamaza. Si kwamba ilipiga vibaya, kupiga vibaya ningekuzoea. Ilinyamaza. Ndani ya kichwa cha bomba kuna ulimi wa tete, vipande viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja, na ulimi huo unaishi kwa unyevu wa hewa yetu. Ule ukame ulikuwa umeukausha ukajikunja, ukafunga midomo kama mtawa. Mama alisema umepata baridi, na kwa ushauri wake nikauweka karibu na jiko. Ukafunga zaidi.

Asubuhi yake nilikuta kiazi kwenye kizingiti cha mlango wetu. Kimoja, kibichi, kimeoshwa.

“Bartley,” alisema mama, akichungulia ng'ambo. “Maskini, anatuonea huruma. Mazao yake yameshinda yetu.” Akakichemsha. Tulikula na siagi.

Kesho yake palikuwa na kiazi kingine. Hiki kilikuwa kimekatwa nusu, na zile nusu mbili zimewekwa upande uliokatwa juu, ziking'aa majimaji. Mama alianza kuziokota akiwa na sufuria mkononi. Nilimshika kiwiko.

“Subiri,” nilisema.

Nilisimama nikiitazama ile nyama nyeupe ya kiazi ikitoka jasho kwenye jua la asubuhi, mahali pekee palipokuwa na maji katika kaunti nzima. Kisha nikakimbia kuchukua sanduku la zumari. Niliuweka ulimi wa tete ndani pamoja na nusu moja ya kiazi, nikafunga kifuniko, na sikukifungua mpaka siku ya pili, saa ya kwenda kisimani. Niliuchomeka mahali pake, nikavuta kiwiko. Bomba likanguruma ile sauti yake ya chini kabisa, nene, yenye mchanga ndani, ambayo sikuwahi kuipata zizini hata mara moja.

“Na ile nusu nyingine?” aliuliza mama.

“Kula, mama. Kula na siagi.”

Nakumbuka vizuri miguu kuliko nyuso. Jozi nane za viatu, vya kiume na vya kike, vimepigwa rangi, vimepangwa kwenye mbao za ukumbi. Kiti kisicho na mikono kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Malachy alisimama mbele, kifua nje, amemshika mkono dada wa padre. Bartley alikuwa kwenye benchi la mbele, kombeo lake limefuliwa. Nilifunga mkanda kiunoni, nikaweka kipande cha ngozi pajani, na nilipovuta upepo wa kwanza niliusikia ukumbi mzima ukivuta pamoja nami.

Nikaanza. Mzunguko wa kwanza ulipanda. Miguu ikaondoka sakafuni. Nilihisi mbao zikitetemeka chini ya kiti, nikaelewa kwa nini Bartley alikuwa akipiga akiwa amefumba macho: ukiwatazama utaanza kuwafuata, na wao ndio wanaotakiwa kukufuata. Nikafumba. Wa pili uligeuka kona yake, gumba likafungua, shahada ikafunga. Wa tatu ukateremka mbio, na nilipofika katikati ya mteremko, nikakata.

Kimya.

Katika kile kimya nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyuma ya lundo la mboji: watu wanane wakigongana. Nilifungua macho. Wengi walikuwa wamebaki na mguu mmoja hewani kama korongo. Malachy, mwepesi wa miguu, hakuwahi kujizuia. Alikwenda moja kwa moja na dada wa padre mpaka kwenye meza ya chai, na vikombe vikaitika.

Nikaachia upepo nikaendelea. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Hakuna aliyenifundisha kusimama.

Mara ya pili nilipofika pale nilikata tena, maana vidole havikujua njia nyingine, na safari hii nusu yao walikuwa tayari. Mara ya tatu walikuwa tayari wote. Walisimama kwa pamoja, na ndani ya ile pumzi moja Malachy, aliyelowa chai mpaka magotini, alinyanyua kisigino akapiga sakafu: paa. Mara ya nne ukumbi mzima ulipiga naye, padre, wazee kwenye mabenchi, mama yangu na mwavuli wake. Taa zilicheza. Niliumaliza wimbo nikatakiwa kuuanza upya, na upya tena, mpaka viwiko vyangu vikaomba talaka.

Bartley nilimkuta nje, amekaa kwenye ukuta, uso wake umelowa. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka kile kicheko cha kimya kinachowaumiza wazee mbavu.

“Ule mkato,” alisema alipoweza. “Umeutoa wapi?”

“Kwako.”

“Kwangu?”

“Usijifanye hujui. Kila jioni unakata pale pale. Nimeufanyia kazi kuliko wimbo mzima.”

Alijifuta macho kwa ncha ya kombeo. “Watu hawa nimewapigia ‘Mjane’ miaka yote hii. Ulishawaona na mguu hewani?”

Nilifikiri. Niliondoka nyumbani nikiwa msichana, na msichana kwenye ngoma hasikilizi muziki.

“Sasa kwa nini unakata jikoni?”

Ndani fidla zilikuwa zimeshaingia. Alitazama ng'ambo ya barabara, kule mashamba yalikokuwa yamekauka rangi ya mkate.

“Nilikuwa nasikiliza,” alisema.

“Nini?”

“Kama umekwenda nyumbani. Ile ndoo inalia ukijisogeza. Nikifika pale nasimama kidogo. Ndoo ikilia, naendelea. Isipolia, nafunga mfuko nakwenda kulala.”

Nilikaa kwenye ukuta karibu naye. Nilikaa polepole, kwa sababu vitu vingi vilikuwa vikijipanga upya kichwani na sikutaka kuvimwaga: ile kona ya mzunguko wa pili, funguo zilizokuwa zikitafutwa gizani, na mama na uji wake.

“Ndoo uliiweka wewe,” nilisema.

“Ungepata baridi yabisi.”

“Mwezi mzima wa Machi, mzee. Na mvua ile. Ulishindwa nini kuniambia niingie ndani?”

“Ungeingia ungeniuliza maswali.” Kisha akasema, akikiambia kile kiwiko chake, “Mpwa wangu niliwahi kumfundisha, uso kwa uso, magoti yanagusana. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yako. Kila alipokosea nilimrekebisha. Nilimrekebisha mpaka akaacha.”

Mama alitutolea chai na keki. Bartley alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, vibaya, nikamsaidia.

“Kile kiazi cha kwanza,” aliuliza, “mlikifanya nini?”

“Tulikila.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolishuku maisha yake yote.

Hayo yamepita zamani. Plasta ilitolewa, lakini kiwiko hakikurudi sawasawa, na mwaka uliofuata ni mimi tena niliyekalia kiti, na uliofuata. Zumari yake nzima, yenye mabomba ya mvumo, iko hapa jikoni kwangu, chini ya fidla ya baba. Malachy aliendelea kupiga kisigino katika ule mkato hata alipokuwa anacheza na fimbo, na watoto wake wanapiga, na wa watoto wake. Siku hizi wanakuja vijana kutoka Dublin na vinasa sauti vyao, watu waungwana, wanasema huo ndio mtindo wa parokia yetu, haupatikani kwingine. Mmoja aliniuliza kama mkato ule ni wa karne ya kumi na nane au kabla. Nilimwambia kabla. Alifurahi sana, na keki akala.

Wakiniuliza nani alinifundisha, zamani nilikuwa nikijibu haraka: hakuna, nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nikilisema kwa kifua mbele, maana mwanamke aliyerudi kutoka Coventry bila mume na bila ncha ya kidole anahitaji kauli moja ya namna hiyo. Siku hizi nawaambia wakae, wanywe chai kwanza.

Ng'ambo ya ukuta, katika nyumba ya marehemu Bartley, amehamia mwanamke kutoka Brazili anayefanya kazi kwenye machinjio. Tunapungiana mikono. Wiki iliyopita alisimama langoni akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kile kitu ninachopiga jioni kinaitwaje, na kama ni kigumu. Nilimwambia sifundishi.

Nina gesi siku hizi, lundo la mboji halipo, lakini ukuta wa mawe upo na unakinga upepo. Jana jioni nilifungua nusu ya juu ya mlango nikaanza na “Mjane.” Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipofika mzunguko wa tatu nikakata, nikasikiliza. Nje, nyuma ya ukuta, bati lililia. Huenda ilikuwa mvua tu inaigonga ndoo. Kwa umri wangu masikio hayaapi. Nikarudi mwanzo wa mzunguko, nikaupiga tena, polepole kidogo.